Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: askari aone, asisikie

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Mkuyuni, na katika utumishi wangu niliwahi kuhudumia wafungwa na mahabusu. Nakuandikia juu ya watu ambao hata vikaoni tulikuwa tukiwataja kwa kunong'ona: walioandikwa wanaume walipozaliwa, wanaishi na kujitambua kama wanawake, kisha wakaishia gerezani.

Najua wapo watakaonitajia kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachoharamisha ngono kinyume cha maumbile. Hicho wanacho mahakimu. Kazi yetu sisi wa afya inaanza mtu anapokohoa.

Mtu huyu hulazwa selo ya wanaume, maana ndivyo karatasi zake zinavyosema. Selo imefurika, hewa nzito, watu wamelala mzungu wa nne. Yanayoweza kumkuta usiku tunayajua, hata kama hatuyaandiki. Sasa, PEP, ile dawa ya kinga dhidi ya VVU, lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Kisha humezwa siku 28. Ili aipate, amwambie nyapara, nyapara amwambie askari, askari amlete zahanati na asimame mlangoni akisikiliza. Nani atasema? Wahenga walionya kuhusu mficha maradhi. Huyu hafichi, anafichishwa.

Na TB je? Anayeogopa kutajwa mbele za watu hatajitokeza kutoa makohozi, na selo nzima inavuta hewa ile ile. Nelson Mandela mwenyewe aligundulika kuwa na kifua kikuu mwaka 1988 akiwa bado mfungwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2015 zilizopewa jina lake zinataka uchunguzi wa kitabibu ufanyike kwa faragha kamili, na tiba ya VVU na TB isikatike.

Inakatika. Mahabusu anaachiwa mahakamani mchana, jioni yuko kwenye boti ya Ukerewe bila barua ya rufaa wala kidonge, na dozi ya TB ya miezi sita imefika katikati. Wengi watahangaika hadi wapate kliniki. Huyu ninayemsemea atafikiria kwanza maswali atakayoulizwa dirishani, na macho ya walio kwenye foleni.

Tangu fedha za Wamarekani za kusaidia huduma za afya ziyumbe mwaka 2025, kila ombi najua litajibiwa "bajeti". Haya hayataki bajeti: askari akae mahali anapomwona mgonjwa bila kumsikia. Kila anayepokelewa ahojiwe peke yake na mhudumu wa afya, na aulizwe pia kama anajiona salama atakapolala. Akihamishwa kwa usalama wake, asikatiwe kliniki. Kumfungia peke yake si tiba. Barua ya rufaa na dawa za kuanzia ziandaliwe kabla ya tarehe ya mahakama. Chanjo ya homa ya ini B, hiyo kweli inagharimu, lakini waliozaliwa kabla ya 2002 hawakuikuta kwenye chanjo za watoto, na ndio wengi mle ndani.

Mkuu wa gereza hawezi kuamua haya peke yake, na wewe huna mamlaka juu ya askari wake. Kaeni meza moja, muandike waraka wa ukurasa mmoja. Mkitaka mtu wa kuupitia kabla haujasainiwa, nipo Mkuyuni.

Muuguzi mstaafu,
Mwanza