Mwacheni mtoto atafune chungwa: barua kwa wazazi wa mtaani kwetu

Wanangu mnaopita mlangoni kwangu asubuhi mkiwapeleka watoto chekechea,

Hamjambo? Nimewaandikia kwa sababu ya vichupa. Nikiwa nimekaa barazani naiona mikoba ya wajukuu zangu ikipita, na karibu kila mmoja una kichupa cha juisi pembeni: ya embe, ya pasheni, ya chungwa. Najua mnaamka alfajiri kuisaga. Najua mnafanya hivyo kwa mapenzi, mkiikimbia soda. Sijaandika kuwasuta. Kuna jambo nimechelewa kulisema, na sehemu yake ni kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 30. Mtu akija kwangu na ugonjwa wa sukari nilimwambia: acha embe, acha ndizi mbivu, acha chungwa. Watu walinitii. Wakaacha matunda, na sukari ya kwenye chai wakaibadilisha kwa asali, wakisema asali ni dawa. Sikuwakanya. Hapa ni Muheza, wanangu, mahali ambapo msimu ukikolea machungwa yanarundikwa kando ya barabara hadi yanaoza. Nilimnyima mtu wa Muheza chungwa nikamwachia asali. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sikilizeni basi. Sukari ya kwenye tunda na sukari ya dukani si za ukoo mbalimbali. Sehemu kubwa ya utamu wa embe bivu ni sukrosi, ileile mnayoichota kwa kijiko. Anayewaambia sukari ya tunda haina neno kwa kuwa ni ya asili, hajawaambia kweli yote, maana hata ya dukani imetoka kwenye muwa. Tofauti iko kwenye makazi yake. Ndani ya tunda sukari imefungiwa katika vijumba vidogo sana vyenye kuta za nyuzinyuzi, pamoja na maji mengi. Ni lazima meno yavunje na tumbo lisage, kwa hiyo inaingia kwenye damu taratibu, na mlaji anashiba kabla hajazidisha. Ukishasaga na kuchuja umeshabomoa kuta zote, na chujio limebaki na kile ambacho mtoto alikihitaji.

Mwaka 1977 madaktari wa Uingereza waliwapa watu 10 matofaa, haya mnayoyaita epo, kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake. Juisi ilimalizwa kwa kasi mara 11 kuliko matofaa mazima. Haikuwashibisha kama yale ya kutafuna, na kongosho lililazimika kumwaga nyingi zaidi ya insulini, ile inayoshusha sukari ya damuni. Tunda ni lilelile, watu ni walewale.

Nami nina ushahidi wangu wa wodini. Mgonjwa anayetumia insulini sukari yake ikishuka ghafla, akaanza kutetemeka na kutoka jasho, maadamu bado anaweza kumeza hatumpi embe atafune. Tunampa maji ya sukari au juisi, kwa sababu tunataka kitu kinachokimbilia damuni upesi. Kwake yeye juisi ni msaada, na nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo isikose. Lakini kasi hiyohiyo ndiyo mnayompa mtoto mzima wa afya kila asubuhi, juu ya chai ya sukari na andazi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015. Lilisema sukari huru isifike sehemu moja ya kumi ya nguvu yote tunayopata kwenye chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na ikishuka hadi vijiko 6 ni bora zaidi. Mtoto mdogo anastahili pungufu ya hapo. Katika hiyo sukari huru wameingiza sukari ya dukani, asali, na juisi ya matunda hata ile uliyoikamua mwenyewe jikoni bila kuongeza kitu. Tunda zima hawakulihesabu. Sasa pigeni hesabu: gilasi ya juisi tupu ya chungwa ina gramu 20 na ushei, kama vijiko 5. Soda ya mililita 350 inakaribia vijiko 9. Na hizi za boksi, geuzeni boksi msome maandishi madogo. Ikiandikwa “ladha ya chungwa”, chungwa lenyewe huenda halimo kabisa.

Tuna na mazoea yetu ya kumenya chungwa kwa kisu, kulikata kati, kufyonza maji na kutupa makapi. Nawaona watoto wanafanya hivyo bila kujua kwamba nyama ile inaliwa. Hiyo nayo ni kukamua juisi kwa mdomo. Mfundisheni mtoto atafune na ameze. Mkatieni vipande, mtoleeni kokwa kama ni mdogo.

Katika mkoba wekeni pera. Sijui kwa nini pera tumelidharau, maana lina nyuzinyuzi kuliko matunda yetu mengi na halimwagiki. Au ndizi, au kipande cha papai kwenye kikopo, na maji ya kunywa. Ubuyu wa rangi nyekundu umevishwa sukari, ubuyu mweupe hauna shida. Mtoto asiyefika mwaka asipewe juisi kabisa, na aliyevuka huo asilale na chupa yake mdomoni. Nimeona meno ya mbele yaliyooza mtoto akiwa hajafika miaka mitatu.

Wenye ugonjwa wa sukari majumbani mwenu, nao warudishieni tunda, ila kwa kipimo: chungwa moja, au nusu ya embe dogo, si sahani nzima kwa mkao mmoja. Wapimwe, na wakubaliane na kliniki yao kiasi kinachowafaa. Baadhi yao ni wale niliowakataza mimi. Kama mama zenu na baba zenu bado wanaogopa chungwa kwa ajili ya maneno yangu, waambieni yule muuguzi ameyafuta, na wakitaka kunisikia kwa masikio yao, nipo barazani kila siku baada ya alasiri.

Ni mimi bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Muheza