Mdogo wangu, usiiache Naruto hapo ulipofika

Dogo, mama mdogo kaniambia siku hizi umehamia kwenye mpira tu, Naruto, ile katuni ya Kijapani ya kijana ninja, umeachana nayo, eti stori imeishiwa. Nikamuuliza kafika wapi, akasema yeye hajui ila ulikuwa unalalamika Sasuke, rafiki yake Naruto, kaondoka na tangu hapo ni misheni za ajabu ajabu tu. Basi nikajua uko wapi. Uko kwenye episodi ya 136 na kuendelea, na aisee hapo wameachia wengi.

Sasa nisikilize kaka yako. Stori haijaisha, ila wakati ule iliyobaki ilikuwa haijachorwa bado. Kishimoto alianza kuchora manga ya Naruto, yaani ile katuni ya kusoma, 1999, sura moja kwa wiki, kurasa hazifiki hata ishirini, halafu Oktoba 2002 anime, yaani ile ya kutazama, ikaanza kurushwa TV Tokyo, nayo kila wiki, na episodi moja inakula karibu sura mbili. Piga hesabu mwenyewe. Episodi 135 zilimeza kama sura 238, na pambano la Naruto na Sasuke kwenye Bonde la Mwisho lilipoisha mbele palikuwa hakuna kitu cha kutosha. Kuondoka hewani hawataki maana ile saa ya TV ukiiachia anaichukua mwingine, kwa hiyo wakafanya anachofanya mama wageni wakizidi, maji kwenye mchuzi. Kuanzia 136 mpaka karibu na 220, yote ya kujazia.

Na utazijua tu hata bila kuambiwa. Angalia, humo ndani hakuna mtu wa maana anayekufa, hakuna anayejifunza jutsu (mbinu ya kininja) kubwa itakayokuja kutumika mbele, Naruto anaenda kijiji fulani anasaidia watu anarudi kijijini kwao Konoha yuleyule kama alivyotoka. Lazima iwe hivyo, maana wakimbadilisha steringi halafu Kishimoto akaja na lake, itakuwaje? Ndo maana unaboreka, sio kwamba huna subira.

Sisemi zote ni mbaya lakini. Ile 101, vijana wanahangaika kutaka kuona uso wa mwalimu wao Kakashi chini ya kitambaa, ile nayo ni ya kujazia na mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu.

Kuna waliochagua njia nyingine. Fullmetal Alchemist ya 2003 ilianza wakati manga ya Arakawa ina miaka miwili tu, wao hawakujaza, walichepuka wakatunga mwisho wao, episodi 51 imekwisha. Edward na Alphonse ni walewale, mama amekufa wanajaribu kumfufua, mmoja anapoteza mkono na mguu mwingine mwili mzima, roho imebaki kwenye deraya, lakini ukifika katikati ni kama umebadilishiwa stori, hata wale maadui wametoka kwingine kabisa. Halafu 2009 studio ileile, Bones, wakaianza upya kwa jina la Brotherhood, episodi 64, wakaifuata manga mpaka mwisho. Watu wote watakwambia nenda Brotherhood. Mi nasema anza na ya 2003, kwa sababu ile sehemu ya mtoto Nina na baba yake, Brotherhood waliipitia haraka haraka, ya 2003 wanakuacha umzoee kwanza yule mtoto, halafu ndo wanakuumiza.

Siku hizi wengi wanakwenda kwa sizoni, Jujutsu Kaisen walitoa episodi 24 wakanyamaza kwenye TV kuanzia Machi 2021 mpaka Julai 2023. Hakuna maji kwenye mchuzi ila mchuzi wenyewe unausubiri mpaka unasahau majina ya watu. Bora hivyo, nadhani, ingawa kusubiri sizoni ya pili ya Attack on Titan kutoka 2013 mpaka 2017 ile ilikuwa kuonewa kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi, bando lenyewe ghali, usilimalizie huko. Toka 135 ruka moja kwa moja mpaka 220 umuone Naruto anaondoka na mwalimu wake Jiraiya kwenda mazoezini, halafu ingia Shippuden, ile sehemu ya pili ya Naruto. Huko wamerudi wakubwa. Ukifika 57 ni kujazia tena, ruka mpaka 72, na kuanzia hapo kaa na leso karibu, sikwambii kwa nini. Ukimaliza nipigie tugombane kuhusu Sasuke maana nakujua wewe, utamtetea.