Barua kwa mwanangu: zile krediti 248 nimezihesabu upya

Njombe, Jumapili jioni

Mwanangu Baraka,

Marahaba, baba. Shikamoo yako nimeisikia kwenye ule ujumbe wa sauti, pamoja na kelele za wenzako wa chumbani. Sisi huku wazima, ila baridi imekaza, mahindi yamegoma kukauka. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unaitika "sawa mama, sawa mama" kabla sijafika nusu ya maneno.

Ulisema hivi: "Mama usiwe na wasiwasi, mwaka wa pili nimemaliza na krediti 248. Zilitakiwa 240, nimezidisha nane. Ile kozi ya Takwimu niliyofeli nimeshaifidia kwa kozi nyingine." Nikafurahi kama mzazi yeyote. Usiku usingizi ukakataa. Neno "nimeifidia" likawa linanirudia.

Basi nikateremsha kile kitabu cha chuo ulichokiacha likizo juu ya kabati, mdogo wako alikuwa akiwekea sufuria ya moto, kina duara jeusi kwenye jalada. Nikakaa nacho mezani, mimi na kalamu yangu ya kikoba na ile picha ya matokeo uliyonitumia. Nikapiga mistari miwili: kozi za lazima upande huu, za hiari upande huu.

Programu yako ni ya miaka mitatu, krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Hilo unalijua. Lakini kitabu chenu hakikusema 360 kikanyamaza. Kimesema 288 ziwe za kozi za lazima na 72 za hiari. Sasa hizo 248 zako nimezigawa: za lazima 164, za hiari 84. Umeona? Za hiari umeshapita kiwango kwa 12, na hizo 12 ndizo za ile kozi uliyochukua badala ya Takwimu. Hakuna anayekunyang'anya, zitaandikwa kwenye transkripti yako, ile hati ya matokeo, vizuri tu, lakini hazizibi pengo la Takwimu. Wewe unadhani umebakiwa na 112. Umebakiwa na 124, zote za lazima, na Takwimu ikiwa ndani yake.

Unakumbuka yule mama aliyetaka kuvunja kikao chetu cha mgao wa kikoba mwaka juzi? Alikuja na daftari lake akasema mwaka mzima ameleta pesa nyingi kuliko jirani yake, mbona jirani anapata zaidi. Ni kweli alileta nyingi. Ila yeye alikuwa akijaza mfuko wa jamii na kulipa faini za kuchelewa, mwenzake anagonga mihuri ya hisa. Kwenye mgao tunahesabu mihuri. Mimi mweka hazina ndiye niliyemweleza, na macho aliyonitazama nayo siku ile sijayasahau. Mwanangu, wewe sasa ndiye yule mama.

Usinione mkali. Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe yalinikuta, na sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa nasoma stashahada ya uhasibu, krediti wakati huo tuliziita yuniti, wewe ulizaliwa wiki ya mitihani ya mwaka wa pili. Mtihani mmoja ukanipita nikiwa wodini. Niliporudi nikaona aibu kwenda kuuliza, nikachukua kozi mbili nyepesi za hiari, nikajumlisha mwenyewe, nikaona jumla imetimia na kuzidi. Hakuna aliyeniuliza na mimi sikuuliza. Mwaka wa tatu bibi yako akapanda basi toka Songea na kuku kwenye kikapu kuja kwenye mahafali. Joho nimeshalipia. Orodha ikabandikwa ubaoni, nikasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Jina halipo. Ofisini karani akaweka rula chini ya mstari mmoja tu wa karatasi yangu, hakusema kitu, akanigeuzia nisome. Kozi ile ilikuwa inafundishwa mara moja kwa mwaka, na muhula wake ulikuwa umeshapita. Nikasubiri mwaka mzima kwa ajili ya kozi moja.

Ile picha ya sebuleni nimevaa joho na wewe umevaa kofia yangu ikakufunika macho unalia, watu husema "ulimaliza na mtoto, hongera." Haikupangwa iwe hivyo. Ulitakiwa uwe mgongoni mwa bibi yako, hujui hata kutembea sawasawa.

Turudi kwako. Nadhani tatizo lilianza pale ulipochukulia krediti kama alama. Si alama. Krediti inapima kazi, kama saa za kibarua. Kwa utaratibu wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kusoma, na humo wamehesabu kila kitu: mhadhara, semina, maabara, kazi za nyumbani, kujisomea, hata ule mtihani wenyewe. Takwimu ina krediti 12, kwa hiyo ni saa 120. Ukizigawa kwa wiki 15 za muhula unapata saa 8 kwa wiki. Ratiba yako inaonyesha saa 4 za darasani. Hizo nne nyingine ziko wapi, Baraka? Sikuulizi kwa ugomvi. Ukijumlisha muhula wote wa krediti 60 unapata saa 600, ambazo ni saa 40 kila wiki. Sheria ya kazi inamruhusu mwajiri saa 45. Mwanafunzi wa kweli ana kazi kamili ya mtu mzima, hata kama mtaani wanasema mnakula bumu, hiyo pesa ya mkopo, mkilala. Ile biashara ya kuuza vioo vya simu unayotaka kuanza mwaka wa tatu, ipime kwa hesabu hii kwanza.

Halafu kuna GPA, ule wastani wa matokeo unaopanga daraja la shahada. Uliniambia ukipata A nyingi inatosha. Inategemea A hiyo umeipata wapi. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na kila pointi inazidishwa kwa krediti za kozi yake kabla ya kujumlisha. Chukua kozi mbili tu, moja ya krediti 12 na moja ya krediti 8. Ukipata C kwenye ile kubwa unapata 24, na A kwenye ile ndogo 40, jumla 64, gawa kwa 20: 3.2. Geuza sasa, A iende kwenye kubwa, C kwenye ndogo: 60 na 16, jumla 76, gawa kwa 20: 3.8. Mwanafunzi yule yule, A moja na C moja. Wa kwanza yuko daraja la pili la chini, wa pili yuko daraja la pili la juu linaloanzia 3.5. Nilipoliona hili nilicheka peke yangu jikoni, maana wewe umekesha kwa zile kozi ndogo tamu tamu, Takwimu ukaiachia bahati. Na sapu, huo mtihani wa marudio, kwa vyuo vyetu vingi hata ukiifanya kama profesa wanakuandikia C. Ulivyofeli na hiyo sapu, Takwimu ikawa kozi ya kubeba, yaani uirudie mwaka unaofuata; haikuwa ruhusa ya kuitupa.

Jambo la shangazi yako nalo tulimalize. Wiki iliyopita aliandika kwenye kundi la familia kwamba binamu yako kule Minnesota amefikisha krediti 60, na wewe ukajibu kwa kicheko kwamba una 248. Futa ule ujumbe kama bado unafutika. Krediti ya Marekani ni saa moja ya darasani kila wiki kwa muhula mzima, na saa mbili za kujisomea juu yake. Shahada nzima ya miaka minne kule huwa ni krediti 120. Binamu yako yuko nusu ya safari, hajachelewa hata siku. Ulaya nao wana zao, 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 hadi 30. Ni kama kilo na debe: usibishane namba kabla hujauliza chombo. Na siku ukitaka kuhamia chuo kingine, hata hapa hapa nchini, usifikiri krediti zako zinahama zote kama mabegi. Wanakaa na mitaala miwili, wanalinganisha kozi kwa kozi, kinachofanana kinapita, na bado chuo kitakachokupa shahada kitataka sehemu kubwa uichumie kwake. Hili nakwambia kwa sababu nimeshasikia fununu za kuhama. Mdogo wako hana siri.

Jumatatu nenda kwa mratibu wa programu yenu. Si kwa wale wa chumbani, nao hawajahesabu. Mwulize mambo matatu: Takwimu inafundishwa muhula upi, ikigongana na kozi ya mwaka wa tatu kwenye ratiba inakuwaje, na kama muhula mmoja unaruhusiwa kubeba krediti zaidi ya 60, mwisho wake ni ngapi. Maana 124 kwa mwaka si mzigo wa kuua mtu, lakini zikilaliana muhula mmoja utaugua. Akikujibu andika, weka na tarehe. Bodi ya Mikopo inahesabu miaka ya programu, usitegemee bumu likufuate mwaka wa nne kwenye programu ya mitatu. Na mimi parachichi zangu mwaka huu ni za ada ya mdogo wako.

Karatasi yangu ya mistari miwili naikunja humu ndani. Iangalie vizuri, huenda nimekosea kusoma kozi moja pale picha yako ilipofifia, ile ya tano kutoka chini. Kama nimekosea nirekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine kisha unitumie picha.

Dereva nimempa na nusu gunia la viazi. Vya juu vimechubuka kidogo, anza na hivyo.

Ni mimi mama yako