Dawa mbili zinazopingana, seli moja inayokwama

Mhariri,

Kurasa za afya magazetini, ukiwemo wenu, huzieleza dawa za saratani kwa sentensi moja: huua seli zinazogawanyika haraka. Si uongo. Lakini sentensi hiyo haimsaidii mzazi ambaye mtoto wake anatibiwa kwa vinkristini uvimbe wa Burkitt, aina ya saratani ya tezi za limfu, na ameanza kuburuta miguu, ilhali seli za neva hazigawanyiki. Jibu limo kwenye mikrotubuli, nasi tunaomba nafasi tulieleze.

Mikrotubuli ni mrija wa ndani ya seli wenye upana wa nanometa 25. Matofali yake ni protini iitwayo tubulini, yaliyopangwa kwa kawaida katika safu 13 kuzunguka uwazi wa katikati. Kila tofali ni pacha, alfa na beta, na hujiunga na ncha ya mrija likiwa limebeba GTP, molekuli yenye nishati, ambayo muda mfupi baadaye huvunjwa kuwa GDP. Maadamu ncha ina matofali yenye GTP, mrija hurefuka. Kofia hiyo ikiisha, safu hupinda kwa nje kama maganda ya ndizi inayomenywa, na mrija huporomoka upesi kuliko ulivyojengwa. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba mirija iliyo pamoja haifuati mkumbo: mmoja hurefuka huku jirani yake akiporomoka.

Vitabu vingi vya shule huichora mirija hii kama kamba zinazovuta kromosomu, na mchoro huo ndio unaopotosha. Kamba huwa tayari ipo. Mrija huu hupapasa gizani, ukikosa hubomolewa, kisha mwingine hujaribu upande mwingine. Seli ya binadamu inayojiandaa kugawanyika ina kromosomu 46 zilizokwisha kunakiliwa, kila moja ikiwa na vishikio viwili viitwavyo kinetokori. Kwa hiyo vishikio 92 vinasubiri kupatikana, na kila kimoja hatimaye hushikwa na mirija ipatayo 20. Kazi hiyo haiwezekani kwa mirija mivivu. Ndiyo maana kimeng'enya CDK1 kikishaungana na saiklini B, mirija iliyokuwa ikidumu dakika kadhaa huanza kudumu chini ya dakika moja.

Spindeli, yaani mtambo wa mirija unaogawanya kromosomu, hujengwa na mafundi wengi. Sentrosomu mbili, vituo vinavyootesha mirija, huwa nguzo. Kinesini-5, injini yenye vichwa pande zote mbili, hushika mirija inayopishana na kuzisukuma nguzo ziachane; ikizuiwa, nguzo hubaki zimegandana na kromosomu huzizunguka kama duara. Wala si kila mrija huanzia kwenye sentrosomu. Karibu na kromosomu, protini ya Ran iliyobeba GTP huwafungulia wasaidizi kama TPX2, nao huanzisha mirija mipya papo hapo. Yai la mwanamke, ambalo halina sentrosomu, hutegemea sana njia hii.

Kosa la hatari ni vishikio vyote viwili vya kromosomu moja kukamatwa na nguzo moja. Hapo mvutano hukosekana, na kimeng'enya Aurora B, kilichokaa katikati ya vishikio hivyo, huibandika fosfeti protini ya Ndc80, inayoshika mrija, ili mrija uachie na utafutaji uanze upya. Kishikio kisicho na mrija nacho hutoa ishara kupitia protini za Mad2 na BubR1 zinazoizuia Cdc20, protini inayoruhusu utengano, hivyo kromosomu dada hazitenganishwi. Kishikio kimoja tu kati ya 92 kinatosha kuisimamisha seli nzima.

Sasa dawa. Vinkristini hutoka kwenye vinka, mmea wa asili ya Madagaska wenye maua ya waridi au meupe ya petali tano, unaopandwa kwenye nyua nyingi za pwani yetu. Hiyo hushika ncha na kuzuia ujenzi. Paklitakseli, iliyopatikana kwanza kwenye gome la mti Taxus brevifolia wa magharibi ya Amerika Kaskazini, huukaza mrija usibomoke, kama Susan Horwitz na wenzake walivyoonyesha mwaka 1979. Moja inazuia kujenga, nyingine inazuia kubomoa, na kupapasa kunakoma kwa vyote viwili. Seli hukwama kwa saa nyingi, kisha hufa au hutoroka bila kugawanyika, ikiwa na kromosomu maradufu. Kwa paklitakseli kuna njia nyingine pia: utafiti wa mwaka 2014 kwenye uvimbe wa matiti ulikuta spindeli zenye nguzo zaidi ya mbili, seli zikigawana kromosomu ovyo.

Turudi kwa mtoto yule. Ndani ya neva, mikrotubuli ni reli ya kusafirisha vitu kutoka kwenye mwili wa seli hadi ncha, na kwa mtu mzima neva ya mguu hukaribia mita moja. Reli ikiharibika, ncha za mbali huathirika kwanza. Ndiyo sababu ganzi huanzia vidoleni, unyayo hushindwa kuinuka, na kwa kuwa utumbo nao una neva zake, choo hufunga. Kwa sababu hiyo vituo vingi huweka kikomo cha miligramu 2 za vinkristini kwa dozi moja. Dalili hizo daktari aambiwe kabla ya dozi inayofuata, zisivumiliwe kimyakimya.

Jambo jingine halina mjadala: vinkristini huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo kimakosa, kwa kawaida huua. Shirika la Afya Duniani limeshauri iandaliwe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, kwa sababu hakuna atakayeuchukua mfuko akidhani ni sindano ya mgongo.

Na wanaoshauri kuchemsha majani ya vinka wajue hesabu hii: gramu moja ya vinkristini huhitaji mamia ya kilo za majani makavu. Kikombe cha maji yake hakina kipimo cha dawa hiyo, bali kina alkaloidi (kemikali za mimea) nyingine kadha wa kadha za mmea huo, zote zikiwa hazijapimwa.

Wasomaji wenu,
Walimu wa baiolojia ya seli, Dar es Salaam