"Fundi, memori imejaa": ipi, RAM au diski?

Mwezi uliopita aliingia dukani mwalimu mmoja kutoka Kasulu. Mkono mmoja laptopu, mkono mwingine bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na kipande cha RAM.

"Fundi, memori ya mashine yangu imejaa. Nyingine nimeshanunua, wewe nifungie tu."

Nikaiwasha. Haikupita dakika, pembeni mwa kioo kikatokea kijisanduku kinachoonya kwamba nafasi kwenye diski C inakaribia kwisha. Nikafungua kutazama: zilikuwa zimebaki MB 300 hivi. RAM aliyokuja nayo ilikuwa ya kompyuta ya mezani, ina urefu wa sentimita 13 na ushee, wakati laptopu inapokea kipande kisichofika sentimita 7. Na hata kingekuwa cha laptopu, kisingemsaidia kitu.

"Pole, mwalimu," nikamwambia. "Hapa kilichojaa ni stoo, wewe umenunua uwanja."

Akanitazama kama namtania. Ilibidi nimwelekeze kwa dagaa, na kwa kuwa wateja wengi tumeshawaeleza hivyo hivyo, nimeona niandike kabisa.

Nenda Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, asubuhi mitumbwi ikishaingia. Dagaa waliovuliwa usiku kwa taa wanashushwa, wanatandazwa mchangani au juu ya chanja wapigwe na jua. Hapo ndipo kazi inapofanyika: kugeuza, kuchambua, kutoa uchafu. Waliokauka wanaingia kwenye magunia, magunia yanaingia stoo, yanangoja safari. Sasa, RAM ni ule uwanja wa kuanikia. Diski ni stoo. Ukubwa wa uwanja unaamua unaweza kushughulika na dagaa wangapi kwa mara moja, na ukubwa wa stoo unaamua unaweza kutunza magunia mangapi. Ukipanua uwanja, stoo haiongezeki hata gunia moja.

Mvua ikishuka ghafla, walioanikwa ndio wanaoloa. Wa stoo wako salama. Na RAM iko hivyo: inashika vitu pale tu umeme unapopita ndani yake. Umeme ukikatika, barua uliyoandika dakika arobaini bila kubonyeza Ctrl na S imekwenda nao. Laptopu yenye betri nzima inakupa muda wa kujipanga. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya nje inayoishikilia umeme ukikatika, haikupi hata sekunde. Kuhifadhi, au kusevu kama wengi tunavyosema, ni kuwatoa dagaa uwanjani na kuwaingiza stoo kabla wingu halijafika.

Mfano huu unafika mbali kuliko nilivyodhani nilipoanza kuutumia. Uwanja ukijaa, kompyuta haikwambii imeshindwa. Inachukua baadhi ya dagaa walioanikwa, inawapeleka stoo kwa muda, halafu ukiwahitaji inawarudisha uwanjani na kuwatoa wengine. Huko kubeba nenda rudi ndiko kunakoifanya mashine istaki: taa ya diski inawaka bila kupumzika, mshale wa mausi unaganda, unabonyeza mara tano kwa hasira na zote tano zinafunguka baadaye kwa mkupuo.

Kwa hiyo ukitaka kujua ni ipi inayokusumbua kabla hujatoa pesa, angalia tatizo linakuja lini. Kama kompyuta inaanza vizuri, kisha inazidi kuwa nzito kadiri unavyofungua vitu vingi, na ukiizima na kuiwasha inachangamka tena, mtuhumiwa wa kwanza ni RAM. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda palipoandikwa Memory. Ukikuta muda wote iko asilimia 90 kwenda juu, umepata jibu. Kama inakataa kupakua, kunakili au kupiga picha kwa sababu hakuna nafasi, hiyo ni stoo. Na kama ni nzito tangu unapoiwasha, unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi bado inazunguka, mara nyingi si RAM wala si kujaa. Ni hadi diski (hard disk) ya zamani, na hiyo ina maelezo yake hapa chini.

Mwalimu tulimhamishia video za mahafali kwenye hadi diski ya nje, ile watu wanaiita eksteno, tukafuta takataka, akaondoka na GB 70 za kupumulia. RAM yake ilibaki kwenye bahasha. Aliyemuuzia alikataa kuirudisha. Na wewe ukitaka kuongeza RAM, usinunue kwa kukadiria. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kila moja ina pengo lake kwenye meno, na kuna laptopu ambazo RAM imechomelewa kwenye ubao wenyewe, haiongezeki. Kuna pia Windows ya biti 32, ambayo hata ukiipa GB 8 haitatumia zaidi ya 4. Njoo na mashine, tuifungue pamoja.

Kwenye simu mambo ni hayo hayo. Ukiona kwenye boksi 4/64, nne ni uwanja, sitini na nne ni stoo. Siku hizi kuna matangazo ya "GB 8 + 8". Ile nane ya pili ni kona ya stoo iliyoazimwa ikaitwa uwanja. Inafanya kazi kiasi, lakini ni polepole, na stoo yako ndiyo inayopungua.

Sasa stoo zenyewe. Hadi diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya kila sahani kuna kichwa cha kusomea kinachoelea karibu mno, nafasi iliyopo ikiwa ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Halafu mtu anaiacha laptopu ikiwa inawaka, anaiweka kwenye begi, anapanda bodaboda kutoka Ujiji mpaka Mwanga. Kichwa kikigusa sahani kinakwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Ukisikia hadi diski inagonga tik, tik, tik, izime hapo hapo. Usijaribu mara moja tu ya mwisho. Hizo mara za mwisho ndizo zinazomaliza mafaili.

SSD, aina nyingine ya diski, haina kinachozunguka, ni chipu tupu. Hadi diski ya laptopu inasoma MB 100 hivi kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inafika 500 na zaidi, na zile nyembamba za NVMe zinapita huko kwa mbali. Laptopu ya miaka kumi ukiitoa hadi diski ukaweka SSD, mwenyewe utadhani umenunua nyingine. Kama una pesa ya kufanya kitu kimoja tu kwenye mashine ya zamani, mimi nitakushauri hicho, hata kama kwenye RAM ningepata faida zaidi.

(Diski ya kwanza ya kompyuta ilitoka IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, uzito wake ulikaribia tani moja, na ilibeba MB 5 tu, yaani picha moja ya simu yako. Ingeletwa Kigoma ingehitaji behewa.)

Ila SSD ina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi, na nitaieleza kupitia kisa cha flashi.

Katibu wa kwaya moja hapa mjini alinunua flashi ya "TB 2" stendi, akiwa safarini, kwa bei ya sahani mbili za wali samaki. Akahamishia video zote za kwaya, 43, kisha akazifuta kwenye laptopu ili kupata nafasi. Jumapili wakataka kuonyesha kanisani. Majina ya video yote 43 yapo, ukubwa umeandikwa, lakini zinazocheza ni saba za mwanzo. Nyingine ukizifungua ni giza.

Flashi hizo ndani zina GB 8 au 16. Mtengenezaji amekifundisha kichipu kinachoisimamia kuidanganya kompyuta kwamba nafasi ni TB 2. Unanakili, mstari wa kijani unakwenda mpaka mwisho, hakuna kinacholalamika. Nafasi halisi ikiisha, kinachoendelea kuingia hakihifadhiwi popote, au kinaandikwa juu ya vya zamani. Daftari lina jina, gunia halipo. Namna ya kuikamata ni kuijaza na kuisoma tena uone kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Sisi tunatumia programu iitwayo H2testw, na haina haja ya kujaza TB 2 nzima, maana kwa mwendo wa MB 10 kwa sekunde ungekesha siku mbili na zaidi. GB 64 za mwanzo zinatosha kuiumbua, kwa muda unaokaribia saa mbili. Iache dukani ukaendelee na soko. Kupima flashi ni bure, na tunapenda uje nayo kabla hujaweka kitu.

Video za kwaya tuliziokoa kwenye laptopu, 31 kati ya zile 36 zilizokuwa zimepotea. Iliwezekana kwa sababu mbili. Laptopu ilikuwa na hadi diski ya kuzunguka, na katibu alikuwa hajaitumia tena tangu afute. Ukifuta faili kwenye hadi diski, kinachofutwa ni jina kwenye daftari la stoo. Gunia bado lipo mahali pake mpaka gunia jingine liwekwe juu yake. Ndiyo maana tunasema, ukifuta kwa bahati mbaya acha kutumia kompyuta, usipakue hata programu ya kuokoa mafaili kwenye diski hiyo hiyo. Kwenye SSD mambo ni tofauti: Windows ikifuta faili huiambia SSD isafishe nafasi ile kabisa, na baada ya muda mfupi hatuna cha kuokota. Tumeshawarudisha watu kadhaa mikono mitupu kwa sababu hiyo, na si kazi ya kupendeza.

Kesi nyingine inayotuletea ugomvi kaunta. Mteja ananunua hadi diski ya GB 500, anaichomeka, anaona 465. Anarudi na jazba. "Mmenipunja!" Hatujakupunja, kaka. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ni kama kupimiwa kwa debe dogo ukaja kupima tena nyumbani kwa debe kubwa: dagaa ni wale wale, madebe yamepungua. Kwa hesabu hiyo TB 1 itakuonyesha 931 na flashi ya GB 32 itaonyesha 29 na kitu. Ukiona pungufu sana kuliko hapo, hapo tugombane.

Flashi ina nafasi tele lakini inakataa video ya harusi ya GB 5? Imepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Inapangwa upya kuwa exFAT na kazi inaisha, ila toa kwanza vilivyomo, maana kupanga upya kunafuta vyote.

Na flashi iliyotoka steshenari ikiwa mafolda yote yamegeuka vijialama vyenye mshale, usikubali ukiambiwa iformatiwe. Hicho ni kirusi kimeyaficha tu mafaili yako na kuweka milango ya bandia. Yanatolewa mafichoni kwa dakika chache. Usibonyeze vile vyenye mshale, ilete.

Kuhusu nakala za akiba, swali la mama mmoja wa duka la mawese lilinifurahisha: "Si niziweke zote kwenye eksteno, basi?" Mama, ukiweka zote kwenye eksteno na kuzifuta kwenye kompyuta, hiyo eksteno si akiba tena, ndiyo pekee uliyonayo. Hesabu za duka lake sasa zipo kwenye kompyuta, kwenye flashi inayolala nyumbani, na kwenye barua pepe yake anakojitumia kila mwisho wa wiki. Flashi hiyo tumemwambia asiisahau sandukuni miaka na miaka, kwa sababu chipu ikikaa muda mrefu mno bila umeme huanza kusahau.

Tupo Mwanga. Jumatatu mpaka Jumamosi tunafungua saa mbili asubuhi. Ukija utuambie ulichokiona kwenye kioo, kwa maneno yake kama unaweza, au kipige picha kwa simu. Na kama ni laptopu, njoo na chaja yake.