Idi Mubarak, na Nafasi ya Kurudi

Ndugu, jamaa na marafiki, minal aidina wal faizina. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu na atufikishe mwakani tukiwa wazima.

Idi imetukuta mifuko mitupu. Sukari, mafuta, nauli ya kwenda kuwaamkia wazee, vyote vimepanda, na kaimati mwaka huu zilihesabiwa. Ila lililonikata ini ni jingine: barazani hayupo tena mzee aliyekuwa akiketi kati ya waliogombana. Nikitoka msikitini mkono wangu bado unamtafuta.

Ndiyo maana leo namtaja John Braithwaite, mtaalamu wa uhalifu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Kitabu chake cha 1989 kilitenga aibu mbili: inayolikataa tendo huku ikimshika mtu, na inayomwita mtu kwa jina la kosa lake hadi akawafuate waliokwisha kukataliwa, maana huko hupokewa.

Mwaka 1991 polisi wa mji wa Wagga Wagga, hukohuko Australia, walianza vikao vya kumkutanisha mkosaji na aliyemuumiza, kwa kuiga New Zealand, na fikra zake zikavipa msingi. Kwanza mkosaji awe amekiri. Mwitishaji, yule anayekiandaa na kukiongoza kikao, huongea na kila mmoja kabla ya siku yenyewe. Viti hupangwa duara. Mkosaji huanza: alifanya nini, aliwaza nini, nani kaumia. Kisha aliyeumizwa, jamaa zake, na mwisho jamaa za mkosaji, ambao machozi yao humwingia kijana kuliko hotuba yoyote. Maafikiano huandikwa na kutiwa saini. Wakati yanaandikwa watu hunywa chai, na mengi hupona hapo. Kikao huharibika mwitishaji akihubiri, au mkosaji akija bila mtu anayempenda.

Canberra, mji mkuu wa Australia, walivipima vikao hivi kuanzia 1995: kesi ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine mahakamani, nyingine kikaoni. Kwa vijana wa makosa ya kupiga na kujeruhi, kikao kilipunguza makosa 38 kwa mwaka kwa kila wakosaji 100 kuliko mahakama. Kwa madereva walevi yaliongezeka kidogo, 6 kwa kila 100. Mbele yao hapakuwa na aliyeumia, na mahakama iliweza kuwanyang'anya leseni, kikao hakikuweza.

Basi jamani, "nisamehe nilipokukosea" iliyotumwa kwa watu mia kwa mpigo mmoja haimfikii yeyote. Uliyemuumiza unamjua, mwendee mlangoni, litaje kosa, uliza utalipaje. Nanyi wazazi, kijana aliyeiba mwambieni ameiba, kisha mpisheni kwenye sinia ale na wenzake. Msimwite mwizi mbele ya wageni. Aliyetoka jela apewe mkono leo, kabla hajapewa na wenzake wa zamani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa, azifungue riziki. Kulla am wa antum bikheri.