Kabla ya kuchoma bunduki za wazee, someni mihuri kwanza

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeuliza bunduki ya marehemu babu yake, ile ya mitutu miwili, inaweza kumletea pesa ngapi. Nimeona watu wakimwambia ati ni mamilioni, ni mali ya Mwingereza, auze haraka. Hapana bana.

Kwanza kama yeye mwenyewe hana cheti cha hiyo silaha hafai hata kulala nayo usiku mmoja, maana Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haiulizi ni ya babu au ni ya nani, na cheti cha mzee hakirithiwi kama ng'ombe. Apigie kituo cha polisi simu aulize vile itachukuliwa (asiibebe kwa matatu ikiwa ndani ya gunia, tafadhali!), aandikishe, adai karatasi ya kuonyesha imepokelewa, halafu kama anataka kuimiliki aende kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Hayo yakiisha ndio tuongee historia.

Sasa watu wengi hukimbilia jina lililochorwa juu ya mitutu, na hilo jina mara nyingine ni la muuzaji tu. Ukipata imeandikwa Shaw & Hunter, Nairobi, hilo lilikuwa duka la silaha hapa mjini enzi za mkoloni, kwa hivyo aliyeiunda bado hujamjua. Hata neno London si la kuaminiwa sana, kuna nyingi zilitengenezwa Birmingham zikachorwa London ndio zionekane za maana. Ukweli uko chini. Mwenye leseni au fundi aliyeidhinishwa akishahakikisha haina risasi, atoe mitutu aangalie upande wa chini karibu na mahali risasi inaingia, hapo ndipo kuna mihuri. Uingereza kila mtutu lazima upimwe kwa baruti ya nguvu kuliko kawaida kabla ya kuuzwa, ukipita unagongwa muhuri, London wanafanya hiyo kazi tangu 1637 na Birmingham wakapata nyumba yao ya kupimia 1813. Ukiona taji na herufi BP au BV, huo ni muhuri wa Birmingham wa kuanzia 1904, kwa hivyo anayekuambia bunduki ni ya 1880 mwulize kama ilipimwa upya baadaye. Maneno NOT FOR BALL (si ya risasi ya tufe) yanakupeleka kati ya 1875 na 1887. Na zile herufi ELG ndani ya duara refu, ambazo kuna jamaa aliniapia ni jina la kampuni, ni muhuri wa Liège, Ubelgiji.

Halafu kuna namba. Iko kwa mitutu, iko kwa chuma cha katikati na iko kwa chuma cha kile kipande cha mbao cha mbele, zote tatu zinafaa kuwa sawa, zikitofautiana bei inaanguka. Purdey, Holland & Holland na Westley Richards, watengeneza bunduki wa Uingereza, wana vitabu vya zamani vya oda, ukiwaandikia na namba wanaweza kukuambia iliundwa lini na ilienda kwa nani. Huku kwetu nenda Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue, uliza magazeti rasmi ya serikali na ripoti za wilaya za wakati ule, jina la mlowezi aliyeimiliki kwanza laweza kutokea hapo.

Bei? Ya kawaida ya Birmingham huko Uingereza ni paundi mia chache tu, wakati Purdey nzuri inafika makumi ya maelfu. Na usimpe fundi aisugue kwa msasa ing'ae, maana mihuri inapotea na thamani inaenda nayo. Kama mitutu ina michoro ya mawimbi mawimbi hiyo ni ya Damaski, chuma na stili zilizosokotwa pamoja, nyingi zilipimiwa baruti nyeusi tu, ile ya zamani. Hata ya chuma cha kawaida, ya zamani inaweza kuwa na chemba (pale risasi inakaa) ya milimita 65 na risasi nyingi za leo ni za 70, zinaingia vizuri kabisa lakini ganda likifunguka presha inapanda, kwa hivyo hakuna kuijaribu.

Lakini Mhariri, kilichonifanya niandike ni Ngong, pale serikali imekuwa ikichoma bunduki haramu. 2016 zilichomwa bunduki 5,250, 2021 zikachomwa 5,144. Sipingi, AK47 za wizi wa mifugo zichomwe zote hata leo. Ila tangu uwindaji upigwe marufuku 1977 hizi za mitutu miwili zilikosa kazi zikabaki chini ya vitanda vya wazee, na familia zikianza kuzirudisha zinaweza kutupwa kwa rundo moja na za majambazi. Polisi wamwite mtu wa Makumbusho ya Kitaifa siku moja kabla ya moto, apige picha mihuri na namba, aandike ilitoka wilaya gani, na ile ya maana sana itobolewe mtutu isiweze kufyatua tena halafu iwekwe kwa kabati ya kioo. Simu na tochi zinatosha kwa hiyo kazi, bajeti haihitajiki.

Msomaji wenu,
Buruburu, Nairobi